Mtambo wa Umeme wa Thika: Kuanzishwa, Kazi na Mwisho Uliopangwa

Mtambo wa umeme wa Thika, mali ya kampuni ya Thika Power Limited, huchoma mafuta mazito na una uwezo wa megawati 87. Upo katika mji wa Thika, Kaunti ya Kiambu. Ulianza kuiuzia Kenya Power umeme kwa mkataba kamili mwezi Machi 2014. Mkataba wenyewe ni wa miaka 20, hivyo unafikia kikomo mwaka 2034. Kenya haijawahi kuzalisha umeme wa gridi kwa makaa ya mawe. Jaribio kubwa la kufanya hivyo, mradi wa Lamu wa zaidi ya megawati 1,000, lilikwama tarehe 26 Juni 2019, Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake. Kazi ambayo kwingineko duniani imefanywa na makaa ya mawe, nchini Kenya imefanywa na mafuta mazito, na Thika ni miongoni mwa vituo vikubwa vya aina hiyo ambavyo tarehe yao ya kuondoka inajulikana.

Umeme katika ukanda huu wa Thika na Ruiru ni wa zamani kuliko miji yake. Mwaka 1908 mhandisi Clement Hertzel alipewa haki ya pekee ya kusambaza umeme mjini Nairobi, na kutokana na haki hiyo ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Nairobi ilikuwa kambi ya reli iliyokuwa ikikua haraka, lakini haikuwa na mto wenye nguvu ya kuzungusha mashine. Kampuni hiyo ikageukia mto Ruiru upande wa kaskazini, na maji yake yakaanza kuwasha taa za Nairobi wakati Ruiru yenyewe ikiwa bado mashamba na vichaka. Mwaka huohuo mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee wa Mombasa alinunua jenereta iliyokuwa mali ya Sultani wa Zanzibar na kuipeleka Mombasa, ikawa mwanzo wa kampuni ya umeme ya huko. Kampuni hizo mbili za Nairobi na Mombasa ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting.

Thika ilipata reli mwaka 1913, na umeme ukafuata muda si mrefu. Mwaka 1925 kampuni mpya ilifungua kituo cha Ndula kwenye mto Thika, chenye uwezo wa megawati 2. Leo megawati mbili ni kiasi kinachoweza kumalizwa na kiwanda kimoja, ila kwa wakati ule kilikuwa kiasi cha kutegemewa na Nairobi nzima. Ndula ilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 80, ikapitia mikono ya East African Power and Lighting, kisha Kenya Power and Lighting tangu 1983, na hatimaye KenGen baada ya uzalishaji kutenganishwa na usambazaji mwaka 1997. Iliondolewa kwenye orodha ya mitambo inayozalisha bila vishindo wala sherehe. Inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa.

Baada ya Ndula, umeme wa Thika na Ruiru ulizidi kutoka mbali. Kituo cha Tana kilifunguliwa mwaka 1932, Wanjii mwaka 1952, na mwishoni mwa miaka ya 1950 nyaya zilizotoka Tororo zikaanza kuleta umeme wa Owen Falls, Uganda, hadi Juja Road mjini Nairobi. Tangu miaka ya 1960, mabwawa ya Seven Forks kwenye mto Tana yakawa mhimili wa gridi: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mto Thika unaishia katika bwawa la Masinga, kwa hiyo hata baada ya Ndula kupoteza umuhimu wake, maji yaleyale yaliendelea kuwasha taa, ila kilomita nyingi zaidi chini ya mkondo. Wakati huohuo sehemu ya maji ya mto huo ilielekezwa Nairobi kwa ajili ya kunywa, hasa baada ya bwawa la Ndakaini kukamilika mwaka 1994.

Tatizo la kutegemea mito lilijulikana kwa kila mkulima wa Kiambu na Murang'a: mvua ikikosekana, bwawa hushuka. Ukame wa 1999 na 2000 uliiingiza nchi katika mgao mkali wa umeme. Viwanda vya Thika, vikiwemo vya nguo, ngozi, vyakula na mafuta ya kupikia, vililazimika kupanga zamu upya au kununua jenereta zao. Mwaka 2009 kina cha Masinga kilishuka hadi kituo hicho kikazimwa, na serikali ikakodi mitambo ya dharura ya dizeli kutoka Aggreko kwa gharama kubwa. Kukodi mtambo wa dharura ni njia ghali zaidi ya kupata umeme: hulipwa kwa bei ya dhiki, na dhiki ikipita mtambo hupakiwa kwenye malori na kuondoka. Ndipo ukaja mpango wa kujenga vituo vya kudumu vya mafuta mazito karibu na Nairobi, mahali ambapo takriban nusu ya umeme wote wa nchi hutumika, ili nafasi ya mitambo ya kukodi ichukuliwe na mitambo yenye mkataba wa muda mrefu na bei inayojulikana.

Zabuni ya Thika ilikwenda kwa Melec PowerGen, tawi la kundi la Matelec la Lebanon, lililounda Thika Power Limited. Mradi uligharimu karibu dola milioni 146. Robo ya fedha hizo ilitoka kwa wenye hisa, na robo tatu ilikuwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia, na Absa ya Afrika Kusini. Wakopeshaji hawakuogopa mitambo kuharibika. Hofu yao ilikuwa kwamba Kenya Power, mnunuzi pekee, ingeshindwa kulipa, au siasa zingevuruga mkataba. Hivyo mwezi Februari 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha dhamana za dola milioni 166 kwa miradi minne ya kampuni binafsi: Thika, Triumph na Gulf zilizokuwa za mafuta mazito, na upanuzi wa kituo cha mvuke wa ardhini cha OrPower huko Olkaria. Shirika la MIGA la kundi hilohilo nalo likaweka bima juu ya mikopo ya benki. Huu ulikuwa mpangilio mpya nchini, na Thika ndiyo iliyofungua njia kwa wenzake.

Moyo wa kituo ni injini tano za MAN Diesel & Turbo ya Ujerumani, aina ya 18V48/60. Kila injini ina silinda 18 zilizopangwa safu mbili zinazokutana chini mithili ya herufi V. Kipenyo cha silinda ni milimita 480, na pistoni husafiri milimita 600 kupanda na kushuka. Injini moja ina uzani wa zaidi ya tani 200. Ukubwa huu wote huzunguka polepole sana ukilinganisha na injini ya gari: mizunguko 500 kwa dakika, hivyo kwamba jenereta iliyounganishwa nayo, yenye ncha 12 za sumaku, inatoa mkondo wa mizunguko 50 kwa sekunde sawasawa na gridi ya Kenya. Kasi hii ndogo ndiyo inayowezesha injini kuchoma mafuta ambayo injini ndogo haiwezi kuyamudu.

Mafuta mazito ni masalia yanayobaki baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa katika kiwanda cha kusafishia mafuta. Yakipoa huganda karibu kama lami. Kabla ya kufika kwenye silinda lazima yapashwe moto ndani ya matangi, yapitishwe kwenye mashine zinazozunguka kwa kasi ili kutenga maji na takataka, kisha yapashwe tena hadi zaidi ya nyuzi joto 100 ili yawe mepesi ya kunyunyizwa. Mafuta yakiachwa yapoe ndani ya mabomba, kazi ya kuyazibua ni kubwa. Kwa sababu hiyo kituo cha mafuta mazito hakikai baridi kabisa hata siku kisipozalisha: mabomba hubaki na joto, mafuta ya kulainishia huendelea kuzungushwa, na mafundi huwa zamuni wakisubiri simu kutoka kituo cha taifa cha kudhibiti gridi. Simu ikilia, injini iliyo na joto inaweza kushika mzigo baada ya dakika chache. Uwezo huo ndio thamani kuu ya mtambo wa injini, na ndio unaoutofautisha na kituo cha makaa ya mawe kinachohitaji saa nyingi kuamka.

Thika ina kitu kimoja zaidi ambacho vituo vingi vya dizeli havina. Moshi unaotoka kwenye injini bado una joto kali, na badala ya kuachwa upotelee hewani, hupitishwa kwenye boila zinazochemsha maji. Mvuke wake huzungusha turbaini moja inayoongeza megawati kadhaa bila tone la ziada la mafuta. Megawati 87 za kituo ni jumla ya injini tano pamoja na turbaini hiyo, na umeme wake huingia kwenye gridi kwa msongo wa kilovolti 132. Kuwapo kwa chanzo cha umeme mwishoni mwa nyaya ndefu zinazotoka Olkaria na mto Tana kuliwasaidia watumiaji wa ukanda huo kwa njia nyingine pia: msongo wa umeme, ambao hulegea kadiri unavyosafiri mbali, hutegemezwa karibu na mzigo wenyewe.

Chakula cha mtambo huo hutoka baharini. Bomba la Kenya Pipeline kutoka Mombasa hubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa na ya ndege. Mafuta mazito hayapiti humo, hivyo hupanda hadi Thika kwa malori. Injini za aina hii hutumia kama gramu 200 za mafuta kwa kila uniti moja ya umeme. Kituo kikifanya kazi kwa uwezo wake wote kwa saa 24, hesabu hiyo inafika tani zaidi ya 400 kwa siku, yaani malori ya matangi zaidi ya kumi yanayopaswa kufika kila siku kutoka umbali wa karibu kilomita 500. Kuchoma tani hizo kunatoa takriban tani 1,300 za hewa ya kaboni, na mafuta mazito yana salfa nyingi kuliko dizeli ya kawaida. Dohani ndefu hutawanya moshi, lakini haziufuti. Wakaaji wa mji uliokwisha kuzoea harufu za viwanda vya ngozi na nguo hawakuwa na sababu ya kuongezewa moshi mwingine bila haja, na haja ndiyo iliyokuwa hoja nzima ya kituo.

Haja hiyo ilibadilika mapema kuliko wengi walivyotarajia. Mwezi Oktoba 2014, miezi saba tu baada ya Thika kuanza mkataba wake, Rais Uhuru Kenyatta alifungua Olkaria IV yenye megawati 140 za mvuke wa ardhini, na megawati nyingine 140 za upanuzi wa Olkaria I zikafuata. Mvuke wa ardhini haujali mvua wala bei ya mafuta, na ukishachimbiwa visima hutoka usiku na mchana. Mitambo ya mafuta ikasukumwa nyuma ya foleni. Mwaka 2018 upepo wa Turkana, megawati 310, uliunganishwa na gridi. Olkaria V ikaja 2019. Na Novemba 2022 megawati 200 za umeme wa maji kutoka Ethiopia zikaanza kuingia kupitia Suswa. Kila chanzo kipya kilipofunguliwa, saa za kazi za Thika zilipungua.

Hata hivyo zipo nyakati ambazo kituo kilitimiza barabara lile kililojengewa. Ukame wa mwaka 2016 na 2017 ulishusha tena mabwawa ya Tana, na umeme wa mafuta ukapanda kujaza pengo. Safari hii nchi haikuingia katika mgao kama ule wa mwaka 2000. Sehemu ya sifa kwa hilo ni ya Olkaria, na sehemu ni ya injini za Thika na za Triumph na Gulf huko Athi River. Kuisahau sehemu hiyo kwa sababu mafuta yamepoteza heshima ni kuwanyima haki wafanyakazi waliokesha nazo.

Lawama kubwa zaidi dhidi ya mtambo huu zimetokana na namna unavyolipwa. Katika mkataba wa ununuzi wa umeme, Kenya Power hulipa mafungu mawili. La kwanza ni la kuwa tayari: mtambo ukiwa mzima na unaweza kuwashwa, mwenye mtambo hulipwa iwe umeme wake umechukuliwa au la, kwa kuwa mikopo ya ujenzi lazima irudishwe. La pili ni la umeme uliochukuliwa, na ndani yake gharama ya mafuta huhamishiwa moja kwa moja kwa mteja. Mwenye mita ya stima huko Githurai au Makongeni huliona fungu hilo kwenye tokeni zake kama ada ya mafuta, inayopanda na kushuka kila mwezi. Fungu la kwanza halionekani kwa jina lake, limefichika ndani ya bei ya uniti, na ndilo lililozua swali zito: je, ni haki kulipia mtambo uliolala?

Jibu la kitaalamu ni kwamba nchi yoyote yenye gridi hulipia akiba. Jibu la haki kwa mlipaji ni kwamba akiba inapaswa kupimwa na kununuliwa kwa kiasi. Katika kusaini mikataba mingi kwa mpigo, ikitegemea makadirio ya ukuaji wa mahitaji ambayo hayakutimia, Kenya ilijikuta na akiba ya bei kubwa. Mwezi Machi 2021 Rais Kenyatta aliunda jopo chini ya uenyekiti wa John Ngumi kupitia upya mikataba hiyo, na jopo likatoa ripoti yake Septemba mwaka huo. Bei ya umeme ilipunguzwa kwa asilimia 15 Januari 2022. Mikataba ya vituo vya mafuta, Thika ikiwemo, haikuvunjwa: kuivunja kungewasha zile dhamana za kimataifa, na serikali ingelipa fidia bila kupata hata uniti moja.

Kwa hiyo kufungwa kwa Thika kumepangwa kwa njia ya kusubiri. Mipango ya taifa ya uzalishaji wa umeme huhesabu kila kituo cha mafuta kama kitakachoondoka mkataba wake ukikwisha, na mifano ipo tayari. Sehemu ya kwanza ya Iberafrica mjini Nairobi, megawati 56, iliondoka mwaka 2019. Tsavo Power ya Kipevu, Mombasa, megawati 74, iliondoka Septemba 2021 baada ya miaka 20. Zamu ya kituo cha Rabai itafika 2029, kisha Thika na Gulf 2034, na Triumph baada yao. Serikali ya Rais William Ruto imetangaza lengo la kuzalisha umeme wote kwa vyanzo jadidifu kufikia 2030, lengo lililorudiwa kwenye Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi uliofanyika Nairobi Septemba 2023. Tarehe hizo mbili hazilingani. Ili 2030 itimie, injini za Thika zitalazimika kubaki zimezimwa miaka minne ya mwisho huku zikiendelea kulipwa, au wenye mtambo wakubali kununuliwa mkataba wao kabla ya wakati.

Ugumu wa kuzima upo jioni. Mahitaji ya juu kabisa ya nchi, ambayo Februari 2025 yalifika megawati 2,316, hutokea kati ya saa moja na saa nne za usiku, watu wanapopika, kuwasha taa na kutazama runinga. Jua linalolisha kituo cha Garissa limekwisha kuzama saa hiyo, na upepo wa Turkana huja upendavyo. Ukanda wa Thika na Ruiru ni sehemu ya mzigo huo kwa namna ya pekee. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa Novemba 2012, iligeuza mashamba ya kahawa kuwa mitaa ya makazi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru, zaidi ya maradufu ya hesabu ya 2009, na 251,407 mjini Thika. Mji mpya wa Tatu City na viwanda vyake vimeota ndani ya Ruiru. Mji ambao mto wake uliwasha taa za kwanza za Nairobi sasa unashindana na Nairobi kuula umeme.

Mbadala wa injini za jioni unajulikana. Betri kubwa zinaweza kujazwa umeme wa mvuke wa Olkaria usiku wa manane, wakati ambapo visima hutoa zaidi ya kinachotumika, kisha zikautoa saa mbili usiku. KenGen imo katika maandalizi ya mradi wa aina hiyo kwa msaada wa Benki ya Dunia. Paneli za jua kwenye mapaa, kama zile za kilowati 858 zilizowekwa kwenye jengo la maduka la Garden City kando ya Barabara ya Thika mwaka 2015, hupunguza mzigo wa mchana na kuyaachia maji ya mabwawa yahifadhiwe hadi usiku. Kwa mitambo ya mafuta, wengine wamependekeza igeuzwe kutumia gesi, hasa baada ya Kenya na Tanzania kutia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa mwezi Mei 2021. Injini za ukubwa huu zinaweza kubadilishwa kwa gesi, lakini bomba hilo lingeishia Mombasa, si Thika, na kuingia gharama hiyo kwa mtambo ulio ukingoni mwa mkataba wake ni vigumu kuhalalisha.

Kazi ya kuufunga mtambo wenyewe ina utaratibu wake. Sheria ya Mazingira ya 1999 humtaka mwenye mradi aeleze tangu mwanzo, katika tathmini ya athari, jinsi eneo litakavyorudishwa mwisho wa kazi, na mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, ndiyo husimamia. Matangi hutolewa mafuta yaliyobaki, tope lake zito huchukuliwa na wenye leseni ya taka hatari, na udongo chini ya matangi na sehemu za kushushia malori hupimwa kabla ya kutumiwa kwa jambo jingine. Injini zenyewe mara nyingi huuzwa: 18V48/60 iliyotunzwa vizuri ina miaka mingi ya kazi mbele yake. Mafundi wa mitambo, umeme na maabara ya mafuta wana ujuzi unaohitajika viwandani Thika na Athi River, na itafaa mpango wao uandikwe mapema badala ya kuachwa mpaka mwaka wa mwisho. Kiungo cha kilovolti 132 hakina sababu ya kung'olewa. Mahali penye muunganiko uliokwisha kulipiwa, karibu na mzigo mkubwa namna hii, ndipo betri za kwanza za ukanda huo zingewekwa kwa gharama ndogo zaidi.